Barua ya Wazi kwa Tume ya Ushindani: Anayejaribu Biashara ya Mtandao Apewe Hesabu Kabla ya Kutoa Mtaji

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ushindani, FCC

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, Msajili, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala



YAH: BIASHARA YA MTANDAO YA BIDHAA ZA AFYA

Biashara ya mtandao ni uuzaji wa bidhaa usiopitia dukani. Kampuni humuuzia msambazaji. Msambazaji huuza mkononi kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, kisha huandikisha wasambazaji wengine chini yake. Kila aliye chini akinunua, pointi humhesabika yeye na walio juu yake, na pointi hizo hugeuzwa kuwa bonasi, vyeo vya nyota na safari za nje. Nchini Tanzania bidhaa zinazosikika zaidi katika biashara hii ni za afya: juisi ya mshubiri, vidonge vya mwani, unga wa madini ya chokaa, kahawa yenye uyoga, majani ya chai ya kupunguza tumbo, dawa ya meno na pedi.

Mgeni anayesitasita huambiwa ajaribu aone. Kujaribu huko kuna bei: kifurushi cha kuanzia, nauli, viingilio, bando na muda. Anachotaka kujua ni kitu kidogo tu: kati ya waliojiunga kabla yake, wangapi walipata faida na wangapi walitoka mikono mitupu? Jibu limo kwenye kompyuta za kampuni, kwa kuwa kampuni ndiyo inayohesabu kila pointi na kulipa kila bonasi. Raia hapaswi kununua kwa mtaji wake taarifa ambayo Tume inaweza kuidai kwa barua moja. Huo ndio msingi wa hoja na maombi yanayofuata.

Tatizo lenyewe si geni. Mfumo huu ulianza na bidhaa za afya. Mwaka 1945 nchini Marekani, kampuni ya Mytinger & Casselberry ilianza kusambaza virutubisho vya Nutrilite kwa mpango wa kuwalipa wauzaji kwa mauzo yao na ya wale waliowaingiza. Miaka michache tu baadaye ilikuwa mahakamani ikivutana na serikali kuhusu vijitabu vilivyodai kwamba virutubisho hivyo vinaponya maradhi, na kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1950. Wasambazaji wawili wa Nutrilite, Rich DeVos na Jay Van Andel, ndio walioanzisha Amway mwaka 1959. Ahadi ya utajiri na ahadi ya uponyaji zimesafiri pamoja tangu mwanzo, na serikali ikishughulikia moja na kuiacha nyingine, iliyoachwa huendelea kuibeba mwenzake.

1. Mti hauna watu wa kuutosha

Semina nyingi huanza kwenye ubao mweupe. Msemaji huchora duara moja juu, matano chini yake, na ishirini na matano chini ya hayo. Huishia kwenye 125 au 625, kwa sababu hapo ndipo hesabu inapovutia. Ikiendelezwa, hatua ya 11 chini ya duara la juu, peke yake, inahitaji watu 48,828,125, na jumla ya wote kuanzia juu inafika 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, pamoja na vichanga na vikongwe. Hatua kumi na moja zinakaribia kuimaliza nchi, na ya kumi na mbili ingehitaji wengine zaidi ya milioni 244.

Lililo zito zaidi ni kwamba hasara haingoji nchi iishe. Mti wa tano-tano uliojaa, ukisimamishwa wakati wowote na kuhesabiwa, utaonyesha kwamba wanne kati ya watano wako safu ya chini kabisa, hawana mtu chini yao. Kwenye mti wa wawili-wawili, walio safu hiyo ni zaidi ya nusu. Kama bonasi inatokana na walio chini, walio wengi hawana pa kuitoa. Bidii inaweza kubadilisha nani akae wapi. Haiwezi kubadilisha idadi ya nafasi za juu.

2. Kopo huhesabiwa limeuzwa kabla halijapata mtumiaji

Katika duka la kawaida, mauzo hukamilika mtu anapolipa na kuondoka na bidhaa yake ili aitumie. Katika mtandao, kampuni huandika mauzo pale msambazaji anaponunua. Kopo likikaa uvunguni mwa kitanda hadi tarehe ya mwisho wa matumizi ipite, kampuni imeshapokea fedha, aliye juu ameshapata pointi, na takwimu za ukuaji zimeshasomwa jukwaani kwa makofi.

Hapa ndipo mpaka kati ya biashara na upatu unapopita. Kuwepo kwa bidhaa hakutoshi kuondoa upatu. Swali ni nani mnunuzi wa mwisho. Kama wengi wa wanunuzi ni watu wa nje waliotaka bidhaa hiyo kwa bei hiyo bila tamaa ya bonasi, hiyo ni biashara. Kama wanunuzi ni wasambazaji wenyewe wanaonunua ili kufikisha pointi za mwezi, fedha inayolipwa juu ni mtaji wa walio chini, na kopo ni stakabadhi yake. Jibu hilo haliwezi kupatikana kwa kulipima kopo maabara. Linapatikana kwenye daftari la mauzo.

3. Daftari la msambazaji

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano wa hesabu ufuatao ni wa kubuni, lakini umefuata mtiririko wa matumizi ambao kila aliyepita humo ataufahamu.

Msambazaji anatakiwa afikishe pointi za mwezi ili bonasi yake isikatwe. Ananunua makopo sita kwa shilingi 60,000 kila moja, jumla 360,000. Bei iliyopendekezwa ya kuuzia ni 75,000. Makopo matatu yanauzika na kumwingizia 225,000. Moja analitumia mwenyewe, kwa kuwa ameelezwa kwamba asiyetumia bidhaa hawezi kuitolea ushuhuda. Mawili yanabaki kabatini. Nauli ya vikao viwili kwa wiki, kwa shilingi 2,000 kwenda na kurudi, ni 16,000 kwa mwezi. Kiingilio cha semina ya mwezi ni 10,000, na bando la kuweka matangazo ni 20,000.

Zilizotoka ni 406,000 na zilizoingia ni 225,000. Upungufu ni 181,000. Hata makopo mawili yaliyobaki yakiuzwa kwa bei kamili, zinaongezeka 150,000 na bado kuna pengo la 31,000, bila kuhesabu siku alizoacha genge au kazi nyingine. Kwenye vitabu vya kampuni, mwezi huohuo unasomeka kuwa na mauzo ya 360,000 na msambazaji mmoja aliyetimiza masharti.

Mwezi unaofuata hujaziwa kwa fedha ya kikoba au kwa mkopo wa kausha damu, ule wa marejesho ya kila siku. Mtu akiishiwa hatoi tangazo kwamba ametoka. Huacha tu kuja. Kiti chake hukaliwa na mgeni mwingine, na ukumbi huonekana umejaa siku zote.

4. Tangazo la kazi lisilo na kazi

Kiungo cha kwanza cha mnyororo mara nyingi ni udanganyifu ambao sheria haihitaji kurekebishwa ili kuushughulikia. Tangazo husambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp likisema kampuni inahitaji vijana wa kidato cha nne na kuendelea, malipo mazuri, wahi nafasi ni chache. Jina la kampuni halitajwi. Kijana hufika na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, hupokelewa vizuri, huingizwa ukumbini pamoja na wenzake, na "usaili" hugeuka kuwa semina ya fursa. Mwishoni huambiwa kwamba nafasi yake ipo, ila lazima kwanza anunue kifurushi.

Mwingine huitwa na mtu wa karibu. Anayejiunga hupewa karatasi na kuagizwa aandike majina ya watu wote anaowafahamu: shangazi, mwalimu wake wa zamani, shemeji, wanakwaya wenzake, rafiki wa jeshini. Kisha hufundishwa kutosema kwenye simu ni biashara gani. Mtu akiitiwa jambo lisilosemwa jina na ndugu yake, huja kwa heshima ya undugu. Fursa halali haihitaji kufichwa jina hadi mlango ufungwe.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji. Kumwita mtu kwenye kazi isiyokuwepo ili auziwe bidhaa ni upotoshaji wa wazi, na ushahidi wake uko kwenye simu za maelfu ya vijana.

5. Chakula kwenye lebo, dawa mdomoni

Mwaka 2019 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilibaki na dawa na vifaa tiba na kuitwa TMDA, huku usimamizi wa chakula na vipodozi ukihamia TBS. Mgawanyo huo una mantiki yake, lakini biashara ya mtandao huishi katikati ya ofisi hizo mbili. Kopo huingia nchini likiwa kirutubisho, yaani chakula. Lebo yake haisemi kwamba linaponya kitu. Likishafika mikononi mwa msambazaji huwa dawa ya presha, sukari, vidonda vya tumbo, uvimbe wa kizazi, nguvu za kiume na maumivu ya magoti, yote kwa kopo moja au kwa "seti" ya makopo matatu.

Dai jingine la kawaida ni kwamba bidhaa "imethibitishwa na FDA ya Marekani", yaani mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho, mtengenezaji halazimiki kuthibitisha kwa serikali kwamba kirutubisho kinafanya kazi kabla ya kukiuza, na FDA haitoi idhini ya ubora wa tiba kwa virutubisho. Makopo mengi yanayouzwa huko hubeba maneno yanayosema wazi kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Onyo lililoandikwa kwa Kiingereza chenye herufi ndogo halimsaidii bibi wa Tandahimba aliyeambiwa kwa Kiswahili, na mjukuu wake mwenyewe, kwamba atapona.

Madhara yanajulikana hospitalini. Mgonjwa wa kisukari anayetegemea insulini akiiacha anaweza kufikia hali ya kufa ndani ya siku chache. Mgonjwa wa presha anayeacha vidonge kwa sababu anajisikia vizuri hubaki na presha isiyo na dalili hadi siku ya kiharusi. Maji ya njano ya ganda la mshubiri huharisha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini, na hatari huongezeka kwa anayetumia dawa za kukojoza maji au dawa ya moyo ya digoksini. Mwanamke mwenye damu isiyokoma anayenunua "seti ya kizazi" miezi sita anaweza kuwa anakuza saratani ambayo kipimo cha mapema kingeiona.

Msambazaji anayetoa ushauri huo kwa kawaida si mtu mbaya. Anarudia alichofundishwa semina, na anaamini. Ndiyo maana kumkamata yeye peke yake hakutoshi. Anayeandaa semina, anayechapisha vipeperushi na anayelipa bonasi kwa mauzo yaliyotokana na dai hilo ndiye wa kuulizwa kwanza.

6. Kipimo cha mwili mzima

Chombo kimoja kinahitaji kutajwa peke yake kwa sababu kimesambaa mijini na vijijini. Ni kisanduku kidogo kilichounganishwa na kompyuta mpakato, chenye waya na kijiti cha chuma. Mteja hushika kijiti hicho kiganjani kwa muda wa dakika moja hivi, huku kwenye skrini mchoro wa mwili ukiwaka sehemu moja baada ya nyingine. Kisha printa hutoa kurasa nyingi za majedwali: ini, figo, moyo, kongosho, ubongo, homoni, vitamini, hata sumu za madini mazito. Kila kipengele kina kiwango cha kawaida, kiwango cha mteja, na rangi ya kijani, njano au nyekundu. Mpimaji hupiga mstari chini ya vyekundu na pembeni huandika jina la kopo.

Figo hupimwa kwa damu na mkojo. Sukari hupimwa kwa damu. Kijiti kilichoshikwa kiganjani hakina njia ya kujua kiasi cha kreatinini kwenye damu wala hali ya kongosho. Karatasi inayotoka ina sura ya cheti cha maabara bila maabara nyuma yake, na ina madhara ya pande mbili: mzima huondoka akiwa na hofu ya ugonjwa asio nao, na mgonjwa huondoka akiwa na rangi ya kijani palipokuwa na ugonjwa. Jina la TMDA lina maneno "vifaa tiba" ndani yake. Chombo kinachodai kupima viungo vya binadamu ni chake, hata kama kiko mezani kwa muuza virutubisho.

7. Ofisi nne, kila moja na kipande chake

Malalamiko yakipelekwa kuhusu kopo, huulizwa kama kopo limesajiliwa. Yakipelekwa kuhusu leseni, kampuni huonyesha leseni. Yakipelekwa kuhusu tiba, hujibiwa kwamba hiyo ni lishe. Yakipelekwa kuhusu fedha, hujibiwa kwamba mlalamikaji alinunua bidhaa na akapewa. Kila jibu ni sahihi kwa kipande chake, na mnyororo mzima hubaki bila mwangalizi.

Historia imeshaonyesha gharama ya kusubiri. DECI, taasisi iliyokuwa na makao yake Mabibo jijini Dar es Salaam, ilikusanya fedha za watu kwa lugha ya kupanda na kuvuna hadi serikali ilipoingilia mwaka 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani mwaka 2013 katika Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu. Sheria ilikuwepo na ilifanya kazi, lakini baada ya fedha kuondoka. DECI haikuwa na kopo la kuonyesha. Mtandao wenye kopo ni mgumu zaidi kuutambua, kwa hiyo unahitaji kuchunguzwa mapema zaidi.

8. Majibu ya kampuni

Majibu matatu hutolewa mara kwa mara. La kwanza ni kwamba aliyeshindwa alikuwa mvivu. Hoja ya kwanza imeshalijibu: safu ya chini ipo hata watu wote wakifanya kazi usiku na mchana. La pili ni kwamba hakuna aliyelazimishwa. Hiari ya kweli hutaka taarifa, na aliyeonyeshwa picha ya gari la mmoja bila kuonyeshwa hesabu ya wengine hajapewa nafasi ya kuchagua. La tatu ni kwamba wapo waliofanikiwa. Wapo. Kila mti una kilele, na anayesimama kileleni ndiye hupewa kipaza sauti. Kampuni inayoamini kwamba mafanikio hayo ni ya wengi ina njia rahisi ya kuwanyamazisha wanaoitilia shaka: ichapishe mapato ya wasambazaji wake wote.

9. Kilichofanyika kwingine

Marekani, katika uamuzi wa mwaka 1979 kuhusu Amway, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilikubali kwamba kampuni hiyo si upatu kwa kuzingatia kanuni zake: msambazaji auze sehemu kubwa ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, awe na wateja halisi wa rejareja, na kampuni inunue tena mzigo uliobaki kwa anayetoka. Mwaka 2016 tume hiyohiyo iliifikisha kampuni ya mtandao ya Herbalife kwenye makubaliano ya kulipa dola milioni 200. Sharti lake kuu lilikuwa kwamba angalau theluthi mbili za malipo ya wasambazaji nchini humo zitokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa. Mwaka 2024 wataalamu wa tume hiyo walichambua taarifa za mapato za kampuni 70 za mtandao na kukuta kwamba washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, na kwamba katika kampuni 17 au zaidi, wengi hawakupata chochote.

China, nchi inakotoka sehemu ya bidhaa zinazouzwa hapa, ilipiga marufuku mfumo huu mwaka 1998. Kanuni za mwaka 2005 zikaruhusu uuzaji wa moja kwa moja kwa leseni maalumu, muuzaji akilipwa kwa mauzo yake mwenyewe tu na malipo hayo yasizidi asilimia 30. Januari 2020 mahakama ya mjini Tianjin ilimhukumu mwanzilishi wa kampuni ya bidhaa za afya ya Quanjian kifungo cha miaka tisa kwa kuendesha upatu. Uchunguzi ulianza baada ya umma kusoma habari za mtoto mwenye saratani ambaye familia yake ilielekezwa kwenye bidhaa za kampuni hiyo.

Nchi hizo mbili hazifanani kisiasa wala kiuchumi. Zilifika kwenye kipimo kilekile: fedha inayolipwa ifuatiliwe hadi kwa mnunuzi wa mwisho.

Maombi

Kwa hoja hizo, yafuatayo yanaombwa:

(a) Tume ya Ushindani ielekeze kila kampuni ya mtandao inayouza bidhaa za afya nchini iwasilishe kila mwaka idadi ya waliojiunga, walioacha, waliopata bonasi na kiasi chake kwa kila ngazi, pamoja na wastani wa ununuzi wa kila msambazaji. Takwimu hizo zichapishwe kwa Kiswahili.

(b) Kila anayejiunga apewe ukurasa mmoja wa takwimu hizo kabla ya kulipa, ausaini, na apewe siku saba za kutafakari. Fedha iliyopokelewa kabla ya siku hizo kuisha irudishwe akibadili nia.

(c) Malipo kwa wasambazaji yatokane kwa sehemu kubwa na mauzo kwa watu wasio wasambazaji, yenye risiti. Pasipo risiti hizo, Tume ilichukulie suala hilo kuwa upatu na kulikabidhi kwa vyombo vya upelelezi.

(d) Kampuni ilazimike kununua tena bidhaa ambazo hazijafunguliwa kutoka kwa anayeacha, kwa angalau asilimia 90 ya bei aliyolipa, ndani ya mwaka mmoja tangu anunue.

(e) Matangazo ya "nafasi za kazi" yanayoishia kwenye ununuzi wa kifurushi yachukuliwe kuwa upotoshaji, na adhabu iende kwa kampuni inayonufaika hata kama tangazo liliwekwa na msambazaji.

(f) TMDA itoe tamko la wazi kuhusu vipimo vya kijiti, ikague vituo vinavyovitumia na kuvizuia pale ambapo mwenye kituo hawezi kuthibitisha kwamba vinapima kinachodaiwa.

(g) TBS itake kila kirutubisho kinachouzwa kwa mtandao kiwe na maneno ya Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, yanayosema kwamba bidhaa hiyo si dawa na kwamba mgonjwa asiache dawa alizoandikiwa na daktari.

(h) Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala litangaze kwamba msambazaji asiyesajiliwa kutoa tiba haruhusiwi kujiita daktari, mshauri wa afya wala mtaalamu wa lishe, na liweke orodha ya waliosajiliwa mahali ambapo raia anaweza kuitazama kwa simu.

(i) Ofisi zote nne ziunde dawati moja la pamoja la kupokea malalamiko haya, ili mlalamikaji asirushwe kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Ombi la (a) ndilo la kutangulia, kwa kuwa halihitaji maabara wala bajeti kubwa, na kampuni zinazo takwimu hizo tayari. Kampuni yenye wateja halisi haitapoteza chochote kwa kuzitoa. Itakayokataa itakuwa imelijibu swali la mnunuzi wa mwisho kwa kukataa huko.

Maombi yasipofanyiwa kazi, hasara inaendelea kwa namna tatu. Ya kwanza ni ya fedha: mitaji ya mama lishe, ya bodaboda na ya wahitimu wasio na ajira itaendelea kupanda juu ya mti na kutoka nje ya biashara ndogondogo zilizokuwa zikiwalisha. Ya pili ni ya afya, na itaendelea kufika hospitali za rufaa ikiwa imechelewa. Ya tatu ni ya undugu, kwani aliyemuuzia dada yake matumaini hukwepa harusi na misiba ya ukoo kwa aibu, na hasara hiyo hakuna mahakama inayoifidia.

Ofisi zote zinaombwa zijibu hadharani, kila moja kwa ombi linaloihusu, ndani ya siku 90.